Shule Ikifungwa, Nyumba Isifungwe: Namna ya Kufundisha Watoto Wadogo Nyumbani

Katika majimbo yetu ya mashariki tumezoea mwaka wa shule unaokatika katikati. Mwezi wa Machi 2020 shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya Covid. Zilifunguliwa, kisha zikafungwa tena Desemba mwaka ule hadi Februari 2021. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbia na watoto mgongoni. Januari 2025 vita vilifika Goma, na Februari vikafika Bukavu. Katikati ya hayo yote kuna migomo ya walimu, na vijiji vya Beni, Irumu, Masisi, Rutshuru au Fizi ambamo jengo la shule limegeuka makao ya watu waliokimbia.

Mambo hayo yanaumiza wanafunzi wote, lakini hayawaumizi kwa namna moja. Kijana wa miaka kumi na tano akikaa miezi mitatu bila masomo atasahau mengi, lakini hatasahau kusoma. Atafungua kaye zake na kuanza kukumbuka. Mtoto wa miaka sita au saba ambaye alikuwa ameanza tu kuzitambua herufi hana cha kufungua. Akirudi, mwalimu anaendelea na programu, na mtoto anakaa nyuma ya kalasi yenye watoto wengi, akirudia kwa sauti maneno ambayo macho yake hayayasomi. Anaweza kupanda kalasi hadi ya nne au ya tano akiwa hivyo. Tunawajua watoto wa namna hiyo katika makanisa yetu. Wanaimba vizuri, wanajibu vizuri katika shule ya Jumapili, lakini ukiwapa Biblia wanainamisha kichwa.

Wazazi wengi tunapoongea nao juu ya jambo hili wanajibu: “Pasta, mimi sikusoma sana.” Au: “Kifaransa changu ni kidogo.” Au: “Hiyo ni kazi ya mwalimu, ndiye aliyesomea.” Makala hii inataka kuonyesha kwamba kwa mtoto wa miaka mitatu hadi minane, mzazi mwenye Kiswahili chake, nusu saa kwa siku na moyo wa subira ana vitu vya kutosha. Hahitaji kuwa mwalimu wa diploma. Anahitaji kujua aanzie wapi.

Hatushindani na shule

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Katika nchi nyingine kuna wazazi wanaochagua kuwaweka watoto nyumbani na kuwafundisha wenyewe miaka yote. Hatusemi hivyo hapa. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza neno hilo la bure. Mahali pa mtoto wa miaka sita ni shuleni, na shule ikifunguliwa mtoto arudi siku ya kwanza.

Kufundisha nyumbani ni kwa nyakati tatu: kabla mtoto hajafikia umri wa kalasi ya kwanza, maana familia nyingi hazina uwezo wa kulipa maternele; wakati shule imefungwa au familia imekimbia; na jioni za siku za kawaida, kwa sababu mwalimu mwenye watoto sitini au zaidi mbele yake hawezi kusikiliza kila mmoja akisoma. Wewe una watatu au wanne. Hiyo ndiyo nguvu yako, na mwalimu hana nguvu hiyo hata kama amesoma kukuliko.

Anza na lugha ambayo mtoto anaisikia

Wazazi wengi wakiamua kumfundisha mtoto nyumbani wanaanza na Kifaransa: *la table, la chaise, la porte*. Nia ni nzuri, lakini mlango huo ni mwembamba. Kusoma ni kazi mbili kwa wakati mmoja: kutambua sauti iliyoandikwa, na kuelewa neno lililotoka. Mtoto anayesoma kwa lugha asiyoisikia anafanya kazi ya kwanza tu. Ya pili haiwezekani, hata akijitahidi. Ndiyo maana sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha zetu za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, nafasi katika mafundisho ya shule.

Tena Kiswahili kina zawadi kwa mtoto anayeanza: herufi zake ni za kweli. *A* ni *a* popote utakapoikuta. Katika Kifaransa sauti *o* inaweza kuandikwa *o*, au *au*, au *eau*, herufi tatu kwa sauti moja. Mtu mzima anazoea, lakini mtoto wa miaka sita anaona fumbo tu. Mtoto aliyekwisha kushika kusoma kwa Kiswahili atabeba ujuzi huo hadi Kifaransa, kwa maana kusoma tunajifunza mara moja tu. Lugha ya pili inakuja kukaa juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

Kama nyumbani mnaongea Kinande, Mashi, Kifuliru, Kilega, Kinyarwanda au lugha nyingine, usiache kuitumia kwa hadithi na mazungumzo. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama yake hana hasara. Ana ghala.

Kusoma: herufi moja kwa wiki

Hapa ndipo wazazi wengi wanapotea, kwa kuwa wanataka kufundisha *a, b, c* yote mpaka *z* kama wimbo. Mtoto anaushika wimbo, lakini hasomi. Fanya hivi:

*Wiki mbili za kwanza:* fundisha *a, e, i, o, u* peke yake. Andika moja kubwa mahali mtoto atakapoiona siku nzima. Hamna ubao? Andika kwa kidole katika mchanga au majivu, kwa kaa la makala juu ya kipande cha mbao, kwa biki juu ya karatoni ya sabuni. Mtoto naye aandike. Mkono unamsaidia kukumbuka.

*Wiki ya tatu:* leta herufi *m*, lakini usiiite “em”. Iunge na zile tano: *ma, me, mi, mo, mu*. Siku hiyo hiyo mtoto atasoma *mama* na *mimi*. Mwache afurahi, aende kumwonyesha bibi yake.

*Wiki zinazofuata:* ongeza *t*, kisha *k*, kisha *b*, kisha *l*, moja kwa wiki. Ukiwa na hizo tano tu, angalia mtoto anaweza kusoma nini: *moto, kiti, kumi, kuku, baba, bata, lala*. Anaweza hata kusoma *kalamu* na *kitabu*. Na anaweza kusoma sentensi nzima: *Mama ameleta kitabu.* Hiyo ni kazi ya majuma saba, bila franka moja ya ziada.

Baadaye ongeza *n, s, d, p, w, y, j, z* na zilizobaki. Zile ngumu kama *mb, nd, ng, ny, sh, ch* ziache mwisho.

Mambo mawili ya kuchunga. La kwanza: kila siku anza na alichokijua jana, hata kama ni dakika tatu. Mtoto mdogo hajengi kwa kusonga mbele tu, anajenga kwa kurudia. La pili: changanya maneno, ili ujue kama anasoma kweli au ameshika kwa kichwa. Mtoto anayesema *mama* kila anapoona *m* bado anakisia. Mwandikie *mimi* karibu na *mama* umwulize ipi ni ipi.

Hesabu: maharagi, vijiti na bidoni

Kuhesabu kwa mdomo hadi mia si kujua hesabu. Mwulize mtoto anayehesabu haraka hadi ishirini: “Niletee maharagi saba.” Kama analeta mkono mzima bila kuhesabu, basi namba bado ni wimbo kwake. Anza hapo: namba moja, kitu kimoja, kidole kimoja kinachogusa.

Kisha mcheze hivi. Weka maharagi saba mbele yake, ayahesabu. Funika mengine kwa kikombe, yabaki manne yanayoonekana. “Ndani kuna mangapi?” Anafikiri, anajibu, anainua kikombe, anajiona mwenyewe kama amepata. Huo ndio mwanzo wa kutoa na kujumlisha, na hakuna aliyemwambia kwamba ni somo gumu.

Kwa namba zinazopita kumi, Kiswahili kinatusaidia tena. Neno la Kifaransa *onze* halimwonyeshi mtoto kilichomo ndani yake. *Kumi na moja* linasema waziwazi: kumi, na kimoja. Mpe vijiti, afunge kumi kwa kamba ya mgomba. Fungu moja na vijiti vitatu ni kumi na tatu. Mafungu mawili na vijiti vinne ni ishirini na nne. Mtoto aliyefunga mafungu hayo kwa mikono yake hatapotea siku mwalimu atakapoandika makumi na mamoja ubaoni.

Mkubwa kidogo, wa miaka saba au nane, aende nawe kwenye maji na sokoni. Bidoni ndogo ya litre tano inajaza bidoni ya litre ishirini mara ngapi? Kama chumvi ni franka 300 nawe umetoa 1000, watakurudishia ngapi? Mwache ahesabu kabla muuzaji hajarudisha. Akikosa, msaidie bila kumcheka mbele ya watu.

Siku nzima ni kalasi, lakini usigeuze kazi kuwa kisingizio

Torati ilitoa mpango huu zamani. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hakuna jengo linalotajwa pale. Mafundisho yanatembea pamoja na mzazi. Unapochagua maharagi, mtoto anatenga mazuri na mabaya. Unapotwanga sombe, anakueleza kinachotangulia na kinachofuata. Njiani kwenda shambani anataja miti, ndege, rangi, mkono wa kulia na wa kushoto. Mtoto anayeulizwa maswali na kusikilizwa anapata maneno. Anayeambiwa “nyamaza” siku nzima anayakosa.

Lakini kuna hatari hapa, nasi tuiseme wazi. Shule ikifungwa, mara nyingi msichana ndiye anayegeuka mfanyakazi wa nyumba. Anabeba mdogo wake, anachota maji, anauza barabarani, huku kaka yake akipewa kitabu “asisahau”. Miezi inapita, na shule ikifunguliwa inasemekana hakuna tena pesa kwa ajili yake. Kazi ndogo inamfundisha mtoto, ila kazi inayokula siku nzima inamwibia. Nusu saa ya masomo iwe ya wote, mvulana na msichana, kwa wakati mmoja, mbele ya mzazi mmoja.

Kwa mzazi asiyejua kusoma

Mama mpendwa, Papa mpendwa, kama wewe hukupata nafasi ya kusoma, usijitoe katika kazi hii. Simulia hadithi, kisha mwombe mtoto akurudishie: nani alikuja kwanza, kwa nini alikasirika, iliishaje. Mtoto anayeweza kusimulia kwa mpango ataelewa anachokisoma baadaye. Tega vitendawili jioni. Imba nyimbo za kuhesabu. Mfundishe mistari ya Biblia unayoijua kwa moyo. Kisha mwite mtoto wako mkubwa, au mtoto wa jirani wa kalasi ya tano au ya sita, afundishe herufi mbele yako. Wewe kaa pale. Macho ya mzazi yanamwambia mtoto kwamba jambo hili lina thamani. Na usishangae ukianza kushika herufi nawe pia.

Paulo anapomwandikia Timotheo, anamkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na kwamba tangu utoto aliyajua Maandiko. Katika Matendo ya Mitume tunasoma kwamba baba yake alikuwa Myunani. Kalasi ya kwanza ya mtumishi yule ilikuwa na walimu wawili, nao walikuwa wanawake wa nyumbani mwake. Hilo lakini lisiwe ruhusa kwa akina baba kukaa pembeni. Katika Waefeso 6:4 agizo la kuwalea watoto linatajwa kwa akina baba wenyewe.

Mtoto aliyeona vita

Wengi wa watoto wetu wamesikia risasi, wamekimbia usiku, wamepoteza mtu. Mtoto mwenye hofu hashiki masomo kwa urahisi, na si kwa sababu ni mvivu. Anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kunyamaza kabisa, kushikilia nguo yako usimwache, au kupiga wenzake bila sababu. Usimcheke, usimwadhibu kwa hayo.

Kinachomsaidia kwanza ni utaratibu. Saa ile ile, mahali pale pale, hata kama ni chini ya hema: wimbo mmoja, sala fupi, herufi kidogo, hadithi. Mtoto ambaye kila kitu kimebadilika anahitaji kitu kimoja kisichobadilika. Akiuliza juu ya vita, mjibu ukweli kwa maneno machache, wala usimwahidi usichoweza kutimiza. Useme “leo tuko pamoja”, usiseme “haitatokea tena”. Kama majuma yanapita naye hali vizuri, halali au haongei, mpeleke kituo cha afya au kwa mtu aliyefundishwa kusaidia watu waliopata mshtuko. Kuomba kwa ajili yake na kumpeleka huko ni mambo yanayokwenda pamoja.

Weka fimbo mbali na kitabu

Waefeso 6:4 inaanza kwa kuwakataza wazazi kuwachokoza watoto wao hadi wakasirike, na Wakolosai 3:21 inaongeza sababu: wasije wakakata tamaa. Mtoto anayepigwa kwa kukosa herufi hajifunzi herufi ile. Anajifunza kwamba kitabu kinaleta maumivu, na kesho atakikimbia. Ukiona hasira inapanda, funga somo. Dakika kumi zenye amani zinazaa kuliko saa nzima ya machozi.

Mpango wa nusu saa

Asubuhi kabla ya kazi, au jioni mwanga ungalipo:

- Dakika 5: wimbo, sala, na kurudia ya jana.
- Dakika 10: herufi au maneno mapya, kusoma na kuandika.
- Dakika 10: hesabu kwa vitu vya mikononi.
- Dakika 5: hadithi, nanyi mwulizane maswali.

Kwa wa miaka mitatu hadi mitano, punguza hadi dakika kumi au kumi na tano, na zaidi iwe mchezo. Siku tano kwa wiki zinatosha. Ni afadhali nusu saa kila siku kuliko saa tatu siku ya Jumamosi.

Na jambo moja la karatasi: buletini ya mtoto, cheti chake cha kuzaliwa na kaye yake ya mwisho vifungeni katika mfuko wa plastiki, pamoja na vitu mnavyobeba mkikimbia. Shule ikifunguliwa, au mkifika mahali pengine, karatasi hizo zitamsaidia kupokelewa katika kalasi yake. Mwonyeshe mwalimu mliyofanya nyumbani, ajue amefika wapi.

Kanisa lifanye nini?

Makanisa yetu yanaijua kazi hii. Katika misheni nyingi za Kiprotestanti, kufundisha kusoma kulikwenda pamoja na kuhubiri Injili, ili muumini aweze kujisomea Neno. Serikali ilizichukua shule mwaka 1974. Mwaka 1977 kwa mkataba ikazirudisha katika usimamizi wa makanisa, na hadi leo shule za Kiprotestanti ni nyingi nchini. Basi shule inapofungwa, tusiseme kwamba jambo hili ni la serikali peke yake.

Parokia yenye jengo inaweza kulifungua asubuhi, kama pana usalama, kwa watoto wa mtaa wote, wala si wa washirika tu. Familia tano au sita za jirani zinaweza kupeana zamu: leo Mama huyu, kesho Papa yule. Wanafunzi wa sekondari waliokaa bila kazi wanaweza kusikiliza wadogo wakisoma. Na tumkumbuke mwalimu wa mtaa wetu, ambaye mara nyingi naye amekosa mshahara: kapu la maharagi au unga ni sehemu ya masomo ya watoto wetu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya akina mama na akina baba

1. Katika nyumba yetu, mtoto gani wa kalasi ya kwanza hadi ya nne hawezi bado kusoma sentensi fupi ya Kiswahili? Tumemsikiliza lini mara ya mwisho?
2. Ni saa gani ya siku ambayo tunaweza kuilinda kwa ajili ya watoto wadogo?
3. Katika mtaa wetu, nani anaweza kufundisha, na wapi?
4. Je, wasichana wetu wanapata muda sawa na wavulana?

Mzazi, usingoje kaye mpya wala mwezi mpya. Leo jioni, baada ya chakula, mwite mtoto wako, andika *a* moja katika majivu ya jiko, umwambie aifuate kwa kidole. Bwana awape nguvu na subira katika kazi hiyo.